Wito na Cheti: Maandalizi ya Mwalimu wa Shule ya Msingi Katika Buhaya Tangu 1910

Utangulizi

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yanapotangazwa, vijana wa Hamugembe huanza kupita katika nyumba za wachungaji wakiwa na bahasha mikononi. Wengine hutaka barua ya utambulisho, wengine hutaka ushauri, na wengine hutaka tu kuombewa. Miongoni mwao hawakosekani wale ambao wamekusudia kuingia chuo cha ualimu ili wafundishe katika shule za msingi. Mwaka mmoja binti wa kwaya yetu alikaa kimya kwa muda mrefu baada ya kupokea barua yake, kisha akauliza: "Baba Mchungaji, ualimu ni wito, au ni kazi ya aliyekosa kazi nyingine?"

Siku ile hatukumjibu vema. Tulimpa maneno machache ya kumtia moyo, tukamwombea, akaenda zake. Lakini swali lake lilibaki nasi, na kadiri tulivyolitafakari ndivyo tulivyoona kwamba si swali la binti mmoja. Ni swali ambalo Kanisa letu katika Buhaya limelibeba kwa zaidi ya miaka mia moja: nani humfanya mtu kuwa mwalimu? Je, ni Mungu amwitaye, ni Kanisa limtumalo, au ni serikali impayo cheti na leseni?

Makala hii inakusudia kulifuatilia swali hilo katika historia ya maandalizi ya walimu wa shule za msingi katika eneo ambalo leo ni wilaya za Bukoba na Muleba na jirani zake. Hoja yetu ni kwamba wito na cheti havikuwa maadui tangu mwanzo. Uadui uliingia pale ambapo sisi wenyewe, yaani Kanisa, tulishindwa kumtunza asiye na cheti, kisha tukamhesabu mwenye cheti kuwa amepotea kwetu. Tusipoyakubali hayo, tutayarudia. Na kwa kweli, kama tutakavyoonyesha, tumekwisha kuanza kuyarudia.

1. Msomaji, mwalimu na mwinjilisti: mtu mmoja

Wajerumani waliweka kituo chao Bukoba mwaka 1890 chini ya Emin Pasha. Miaka miwili baadaye, mwaka 1892, mapadre wa White Fathers walianza kazi Kashozi. Wakristo wa kwanza wa Kiinjili hawakungojea mmisionari. Walikuwa Wahaya waliokwenda Buganda kwa shughuli mbalimbali, wakajifunza kusoma huko kwa Waanglikana wa CMS, na wakarudi nyumbani wakiwa na vitabu vya Kiganda. Kwa hiyo Misheni ya Bethel ilipofika Bukoba mwaka 1910 ikitokea Rwanda, ambako ilikuwa imeanza mwaka 1907, Ernst Johanssen na wenzake walikuta tayari watu wanaokutana, wanaosoma na wanaofundishana. Andrea Kajerero anakumbukwa miongoni mwa viongozi hao wa mwanzo.

Jina lao lenyewe ni fundisho. Waliitwa abashomi, wasomaji. Kusoma kulikuwa ndiko kuamini, na aliyejua herufi alikuwa na wajibu wa kumfundisha asiyejua. Hapakuwa na mpaka kati ya darasa la ubatizo na darasa la kusoma. Kitabu kilikuwa kimoja, benchi lilikuwa moja, na aliyesimama mbele alikuwa mtu mmoja. Waumini walimwita omwegesa, mwalimu, na jina hilo lilimtosha siku ya Jumapili kama lilivyomtosha siku ya Jumatatu. Hata leo wazee wetu wa sharika za vijijini humwita mwinjilisti "mwalimu," bila kuuliza amesomea chuo gani.

Ubora wa utaratibu huo ulionekana wakati wa shida. Waingereza waliushambulia mji wa Bukoba Juni 1915, na mwaka 1916 utawala wa Wajerumani katika eneo hili ulikoma. Wamisionari wa Bethel waliondolewa. Katika miaka iliyofuata walipita Waanglikana kutoka Uganda, na baadaye Wamethodisti kutoka Afrika Kusini, kabla ya Wajerumani kuruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Katika kipindi hicho chote kilichoshikilia sharika ni hao walimu wa vijijini. Walisalisha, walifundisha, walizika, na walihesabu watoto waliojua kusoma. Hawakuwa na cheti hata kimoja. Wakati huo walikuwa ndio Kanisa.

Hatuna budi, hata hivyo, kutaja udhaifu wa utaratibu huo. Mwalimu wa namna hii mara nyingi alimzidi mwanafunzi wake kwa kurasa chache tu. Hesabu ilifundishwa kidogo, na maarifa mengine kwa bahati. Mtoto aliyemaliza masomo yake aliweza kusoma Injili, lakini hakuweza kuandika barua kwa karani wa serikali wala kuhesabu bei ya kahawa yake. Nao Wahaya wa miaka ya 1920, kahawa ikiwa imeanza kuwapa fedha, walitaka hayo yote. Mwaka 1924 vijana wasomi wa Bukoba, Klemens Kiiza akiwa mmoja wao, waliunda Bukoba Bahaya Union, na elimu ilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyadai kwa nguvu.

2. Sheria ya 1927: mwalimu anagawanyika

Mwaka huohuo wa 1924 Tume ya Phelps-Stokes, ambayo Dakta James Aggrey wa Ghana ya leo alikuwa mjumbe wake, ilizunguka Afrika Mashariki na kushauri kwamba serikali na misheni zishirikiane katika elimu. Oktoba 1925 Gavana Donald Cameron aliwakutanisha maofisa na wamisionari Dar es Salaam. Matunda yake yalikuwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1927. Sheria hiyo iliweka utaratibu wa ruzuku kwa shule za misheni zilizofikia kiwango, ikataka shule ziandikishwe, na ikaweka mwalimu chini ya usimamizi wa serikali. Serikali yenyewe ilikuwa imefungua chuo cha walimu Mpwapwa mwaka 1926.

Kwa mara ya kwanza kukawa na ngazi. Mwalimu wa Daraja la Pili aliandaliwa kwa miaka miwili baada ya shule ya msingi ya wakati ule, naye alifundisha madarasa ya chini kwa Kiswahili. Mwalimu wa Daraja la Kwanza aliandaliwa baada ya masomo ya juu zaidi, naye aliweza kufundisha kwa Kiingereza. Chini ya hao wawili alibaki mtu wa tatu, ambaye hakuwa na daraja: mwalimu wa shule ndogo ya kijijini, ile ambayo Wazungu waliiita shule ya porini. Yeye hakupata ruzuku. Mshahara wake, kama uliitwa mshahara, ulitoka katika sadaka za usharika, na katika sharika nyingi ulikuwa ndizi, maharage na shilingi chache.

Misheni ya Kilutheri ilikuwa na chuo chake cha walimu Kigarama. Huko ndiko vijana wengi wa Buhaya walikoandaliwa. Waanglikana wa Australia nao walikuwa na chuo Katoke, ambacho hata baada ya kuchukuliwa na serikali kiliendelea kuandaa walimu. Tukiyatazama maandalizi ya vyuo vya misheni vya wakati ule, twaona mambo matatu yaliyokwenda pamoja: masomo yenyewe, mbinu za kufundisha zilizojaribiwa katika shule ya mazoezi iliyo kando ya chuo, na maisha ya pamoja ya sala, bustani na usafi. Mwanafunzi aliyehitimu alijua kuandika maandalio ya somo, lakini alijua pia kupiga kengele ya ibada na kuongoza wimbo. Kwa maana hiyo chuo cha misheni kilijaribu kuviweka wito na cheti katika mtu mmoja.

Jaribio hilo lilifaulu kwa sehemu. Wengi wa viongozi wa Kanisa letu walipitia ualimu. Mfano ulio wazi ni Josiah Kibira, aliyezaliwa mwaka 1925. Alifanya kazi ya ualimu kabla ya kwenda Bethel, Ujerumani, kusoma theolojia. Akawa askofu mwaka 1964 baada ya Bengt Sundkler. Na kuanzia 1977 hadi 1984 alikuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Aliyemsikia Askofu Kibira akihubiri alimtambua mwalimu ndani yake. Aidha, uamsho uliotoka Rwanda na kuenea Buhaya tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 uliwapata walimu wengi na kuwafanya mashahidi shuleni na vijijini.

Lakini sehemu nyingine haikufaulu, na hapa ndipo tunapopaswa kujihukumu. Mwalimu mwenye daraja alipanda baiskeli. Mwinjilisti alitembea kwa miguu. Mwalimu alisomesha watoto wake kwa mshahara wa ruzuku. Mwinjilisti aliomba usharika umsaidie. Wote wawili walikuwa wameitwa walimu, na pengine wote wawili walianza katika benchi moja. Sheria ya 1927 haikuamuru kwamba Kanisa limwache maskini yule asiyeandikishwa. Sheria ilisema tu kwamba serikali haitamlipa. Uamuzi wa kumwacha katika umaskini ulikuwa wetu. Matokeo yake ni kwamba kijana mwenye akili alipoulizwa anataka kuwa nani, alijibu kwamba anataka kuwa mwalimu wa shule, si mwinjilisti. Na Kanisa likaanza kunung'unika kwamba cheti kimeiba wito.

3. Mwaka 1970: mwalimu anaondoka nyumbani

Baada ya Uhuru mabadiliko yalikuja kwa haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walimu wa serikali na walimu wa mashirika waliwekwa katika utumishi mmoja wenye masharti yanayolingana. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliundwa mwaka 1963 kutokana na makanisa saba, na Kanisa la Buhaya likiwa mojawapo. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na mwaka 1970 shule za msingi zilizokuwa za misheni zikawa mali ya umma, pamoja na vyuo vya walimu vilivyokuwa vikipata fedha za serikali.

Nia ya sheria hiyo haikuwa mbaya. Katika mkoa ambao Wakatoliki na Walutheri walikuwa wamejenga shule zao mkabala, kila upande ukiwavuta watoto wake, mtoto wa Kiislamu mara nyingi hakuwa na mahali pa kusomea pasipo kushawishiwa abadili dini. Kumpa kila mtoto wa Tanzania dawati lisilouliza dini yake lilikuwa jambo la haki, nasi Walutheri tunapaswa kulisema hivyo bila kigugumizi.

Hata hivyo, kwa upande wa maandalizi ya mwalimu, jambo moja lilitokea ambalo halikuandikwa katika sheria. Sheria ilichukua majengo na orodha za mishahara. Haikuchukua ubatizo wa mwalimu, wala kiti chake katika baraza la wazee, wala haki yake ya kuombewa. Haikufunga mlango wa kipindi cha dini, ambacho kiliendelea kuwamo katika ratiba ya shule. Lakini katika sharika nyingi sisi wenyewe tulimwondoa mwalimu katika maombi yetu, kama mtu aliyehamia kwa wengine. Tuliendelea kuwaombea wachungaji, wainjilisti, wanakwaya na wagonjwa. Mwalimu tulimhesabu kuwa mtu wa serikali. Kipindi cha dini tulimwachia yeyote aliyepatikana, na mara nyingi hakupatikana mtu.

4. Musoma na walimu wa UPE

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwishoni mwa 1977. Sheria ya Elimu ya Taifa ya mwaka 1978 iliufuata uamuzi huo kwa kumlazimisha mzazi kumwandikisha mtoto wa miaka 7 hadi 13, na kwa kuweka upya utaratibu wa uandikishaji wa walimu na leseni za kufundisha. Watoto walijaa, walimu hawakuwapo. Vyuo vilivyokuwapo visingeweza kuwatoa kwa wakati.

Jibu la serikali lilikuwa la ujasiri. Vijana waliomaliza darasa la saba walichaguliwa vijijini mwao, wakaanza kufundisha madarasa ya chini huku wakijifunza ualimu kwa miaka mitatu, kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio na kwa usimamizi wa wakufunzi waliozunguka katika vituo. Mwishoni walikaa chuoni wiki chache kabla ya mtihani. Walioingia katika mpango huo nchini kote walizidi 45,000, na waliofuzu walizidi 35,000. Hapa kwetu kazi hiyo ilikutana na Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, vilivyowahamisha watu na kuufikia mji wa Bukoba kwa mabomu ya ndege.

Kwa miaka mingi jina "mwalimu wa UPE" limekuwa neno la dharau. Tumelisikia likitumika hata mimbarani. Sisi wenyewe tuliomo katika umri wa miaka arobaini na kitu tulifundishwa herufi za kwanza na mwalimu wa namna hiyo. Alikuwa na darasa la watoto wengi kuliko madawati, chaki alizikata vipande vitatu, na kitabu cha kusomea kilikuwa kimoja kwa kila benchi. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Mtu akituuliza tulijifunzia wapi kusoma Maandiko, jibu la kweli si seminari. Jibu la kweli ni darasa lile.

Tukilinganisha, twaona jambo la kushangaza. Mwalimu wa UPE alifanana sana na omwegesa wa mwaka 1910: kijana wa kijiji hichohicho, aliyewazidi wanafunzi wake kwa kurasa chache, akijifunza huku akifundisha. Tofauti ni kwamba serikali ilimpa yule wa pili njia ya kupanda. Alifanya mtihani, akapata cheti, na wengi walirudi chuoni baadaye kujiendeleza. Kanisa halikumpa mwinjilisti wake njia iliyo wazi kama hiyo kwa muda mrefu. Katika jambo hili dola ilikuwa na huruma kuliko sisi.

5. UKIMWI: Kanisa linarudi shuleni kwa mlango wa yatima

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika Hospitali ya Ndolage, hospitali ya Kanisa letu iliyoko Muleba. Miaka iliyofuata inajulikana kwa kila mchungaji aliyehudumu Kagera. Walimu walikufa pamoja na wazazi wa wanafunzi wao. Kulikuwa na shule ambazo mtoto alizika baba, kisha mama, kisha mwalimu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ilianzisha HUYAWA, Huduma ya Watoto, kwa ajili ya yatima hao. Ili kuwasaidia watoto, watumishi wa Kanisa walilazimika kuingia tena shuleni, kuzungumza na walimu wakuu, kuuliza nani hana sare, nani hajalipiwa, nani analala njaa. Hivyo Kanisa lililokuwa limemsahau mwalimu tangu 1970 lilikutana naye tena mezani pake, likamkuta akifanya kazi ya diakonia bila kuiita hivyo. Ni walimu walioujua upungufu wa kila nyumba. Kwa maoni yetu, hili lilikuwa somo kubwa zaidi ambalo Mungu alitupa kuhusu mwalimu wa shule ya msingi katika karne iliyopita, na tunaogopa kwamba tumelisahau.

6. Cheti katika miaka ya karibuni

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilifungua mlango kwa shule na vyuo binafsi, na ikathibitisha kwamba anayeingia ualimu wa msingi awe amehitimu Kidato cha Nne. Ada ya shule za msingi ilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ukaanza mwaka 2002, madarasa yalijaa tena kama wakati wa Musoma, na walimu wakaandaliwa kwa mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Mwaka 2016 elimu bila malipo iliyajaza tena. Mwaka huohuo, tarehe 10 Septemba, tetemeko la ardhi liliangusha nyumba na madarasa katika mji wa Bukoba na vijiji vyake.

Wakati huohuo cheti chenyewe kilitiliwa shaka. Aprili 2017 taarifa ya uhakiki wa watumishi wa umma ilitaja watumishi 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi. Mwaka 2018 sheria iliunda Bodi ya Kitaalamu ya Walimu Tanzania, ili ualimu uwe na usajili na leseni yake kama zilivyo taaluma nyingine. Na mapema mwaka 2025, serikali ilipofanya usaili wa ajira za ualimu, waombaji waliozidi laki mbili walishindania nafasi zisizofika 15,000.

Hapa ndipo swali la binti wa Hamugembe linapochoma. Kizazi cha babu yake kilikuwa na wito bila cheti. Kizazi chake kina cheti bila kazi. Anajiandaa kwa miaka, familia inauza kahawa au kukata sehemu ya kibanja ili alipiwe, na mwisho wake huenda akarudi kukaa nyumbani akiwa na cheti kilichowekwa ndani ya mfuko wa nailoni kisilowe mvua.

Naye akirudi, nani humpokea? Mara nyingi ni Kanisa. Katika usharika mmoja tuliowahi kuutumikia tulikuwa na darasa la chekechea. Tulimpata kijana mwenye cheti asiye na ajira, tukamkabidhi watoto zaidi ya arobaini, na tukamlipa posho isiyotosha chumvi na sabuni. Miezi mingine hatukumlipa kabisa. Tulipoulizwa katika baraza la wazee, tulijibu kwamba anafanya kwa wito. Tunaandika jambo hili kwa aibu. Tulilitumia neno wito kama kifuniko cha deni, sawasawa na watangulizi wetu walivyomfanyia mwalimu wa shule ya porini baada ya 1927.

7. Tathmini ya kitheolojia

Mara kwa mara tumesikia ikisemwa kwamba cheti ni jambo la dunia na wito ni jambo la Mungu. Mlutheri hawezi kusema hivyo kwa urahisi. Kifungu cha 14 cha Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 kinafundisha kwamba mtu asifundishe hadharani katika Kanisa wala asihudumie sakramenti pasipo kuitwa kwa utaratibu. Maana yake ni kwamba hata wito wa ndani lazima uthibitishwe na wengine, kwa utaratibu unaojulikana na watu wote. Sisi wachungaji tunafanyiwa mtihani, tunachunguzwa, na tunawekewa mikono. Basi tukimwona mwalimu akidaiwa usajili na leseni, tunaona kivuli cha utaratibu wetu wenyewe. Waraka wa Yakobo, sura ya 3, unaonya kwamba wanaofundisha watahukumiwa kwa ukali zaidi. Kwa hiyo kumpima mwalimu kabla hajasimama mbele ya watoto ni kumhurumia yeye na watoto pia.

Luther mwenyewe aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani mwaka 1524 akiwataka waanzishe shule, na mwaka 1530 alihubiri kuhusu wajibu wa kuwapeleka watoto shuleni. Humo alieleza kwamba kama angelazimika kuacha kuhubiri, hakuna kazi nyingine ambayo angeipenda kuliko kuwa mwalimu wa watoto. Tuangalie pia kwamba aliwaandikia madiwani, si maaskofu. Kwa Luther shule ya watoto ilikuwa wajibu wa mamlaka ya dunia, na mwalimu aliyelipwa na mji hakuwa amepungukiwa wito kwa sababu hiyo. Kwa hiyo malalamiko yetu kwamba mwaka 1970 serikali ilichukua kisicho chake hayana msingi mkubwa katika mapokeo yetu wenyewe.

Wito, kwa mafundisho ya Kilutheri, huonekana katika kumtumikia jirani. Mwalimu anayefika kabla ya kengele, anayesahihisha daftari la mtoto asiyejiweza kwa uangalifu uleule anaompa mtoto wa mwenye duka, anayelijua jina la yatima wa benchi la nyuma, huyo ametimiza wito wake, awe amelipwa na serikali, na usharika, au na mtu binafsi. Cheti hakimpi wito huo, ila kinamhakikishia jirani kwamba anayemkabidhi mtoto wake ameandaliwa.

8. Hitimisho: wajibu wetu

Kutokana na historia hii tunawapendekezea wachungaji na wanafunzi wa theolojia mambo manne.

Kwanza, barua ya utambulisho isiwe desturi tupu. Kijana anapokuja kuomba barua ya kwenda chuo cha ualimu, tukae naye, tumwulize kwa nini, na tumpeleke akae siku kadhaa darasani kwa mwalimu mzoefu wa usharika kabla hajajaza fomu. Hayo ni maandalizi yasiyogharimu fedha.

Pili, sharika zilizo na madarasa ya chekechea na shule ziwalipe walimu wake kwa mkataba ulioandikwa. Pasipokuwa na fedha, baraza liseme hakuna fedha, wala lisisingizie wito.

Tatu, kila Januari shule zinapofunguliwa, walimu wa usharika waitwe mbele ya madhabahu na kuombewa, walioajiriwa na wasioajiriwa.

Nne, kipindi cha dini kifundishwe na mtu aliyeandaliwa. Mwanafunzi wa theolojia asiyeweza kufundisha watoto wa darasa la tatu kwa dakika arobaini asifikiri kwamba ataweza kuwafundisha wazazi wao.

Tumerudi kwa binti wa Hamugembe tukiwa tumechelewa. Kama tungepata tena ile siku, tungemwambia hivi: mwanangu, ualimu ni wito, na kwa sababu ni wito, jiandae kwa bidii, fanya mtihani, pata cheti na leseni, maana watoto wa watu si wa kujaribia. Na kama baada ya hayo yote hutapata kazi, hilo si ushahidi kwamba Mungu hakukuita. Ni deni juu ya nchi, na ni deni juu yetu, tuliokuandikia barua tukadhani tumemaliza kazi.